Nitakuja Bei Zikishuka

Aende aone ng'ombe. Hiyo ndiyo jibu yangu, nimelala nayo na kuamka nayo na haijabadilika.

Jana tukikula obusuma ulinitupia hiyo swali ukidhani ni mchezo. "Baba, mtu akiwa na fea ya kwenda kuona ng'ombe zikipigana, na nyumbani unga imeisha, afanye nini?" Nikacheka, nikamega ugali, nikachota mboga ya mrenda, kwa sababu mama yako alikuwa ananiangalia na ile jicho ya mtu anajua jibu tayari na anangoja tu nijaribu kuisema. Sasa hayuko hapa. Niko mjini na mkokoteni wangu, mvua imenisukuma kwa baraza ya duka ya mbegu, na miwa yote nimemenya na kukata na kufunga kwa pakiti, hakuna wa kula. Mwenye duka amenipasulia karatasi kwa daftari ya mtoto wake. Kesho saa hizi utakuwa Naivasha kwa hiyo jikoni ya hoteli ya wageni, unamenya viazi za watu hawajui bei ya viazi. Kwa hivyo wacha nikujibu kabla mvua iishe.

Lakini si hiyo swali iliniharibia chakula. Ni kile ulisema baadaye. Mama yako alikuuliza kama utakuja Desemba, na wewe ukasema, bila hata kuinua kichwa, "Nitakuja bei zikishuka." Ukaendelea kula. Mimi sikuendelea. Mama yako alidhani ni jino.

Musimbi mama, hayo maneno ni yangu. Nilimwambia baba yangu hayo maneno miaka minne, karibu kila Ijumaa. Sikujua mtoto anaweza kuyarithi, kama vile ulirithi hii pua.

Sitakuambia mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji. Mama yako amekuambia mara kumi, na mara ya kumi na moja itakuwa kesho kwa stendi mbele ya watu. Mimi nataka kukuambia juu ya ujinga wangu. Kwa hiyo kitu nina elimu ya kutosha. Shule niliacha darasa la tano, lakini ujinga nimesoma mpaka mwisho.

Kwanza nikukumbushe Shiundu kinyozi, yule ananyoa watu hapo nyuma ya soko. Ulikuwa unamwogopa ukiwa mdogo kwa sababu ya ile mashine yake inavuta nywele. Shiundu amenyoa watu karibu miaka ishirini na sijawahi kusikia akisema kitu ingine isipokuwa bei. Ukikaa kwa kiti anakufunga kitambaa na anaanza. Unga imepanda. Mafuta imepanda. Sabuni wamepunguza kipande na wakaacha bei pale pale. Sukari, ndiyo hiyo, tunaishi katikati ya miwa, tunaona malori yamejaa miwa yakipita, alafu tunanunua sukari kwa kijiko kama dawa ya kifua. Yote anasema ni ukweli. Hiyo ndiyo mbaya ya Shiundu, hadanganyi. Lakini mtu ananyolewa akiingia ana miaka thelathini, akitoka ana hamsini.

Siku moja nilimuuliza, "Shiundu, wewe unajifurahishanga na nini?"

Akazima mashine. Akafikiria kweli kweli, mteja amebaki na nusu kichwa. Akasema, "Mimi? Mimi nangoja hali iwe sawa kwanza."

Sasa mimi namdharau Shiundu, na usiniambie si vizuri, najua si vizuri. Namdharau vile mtu anadharau picha yake ya zamani. Kwa sababu ile miaka yenye nakuambia, mimi ndiye nilikuwa Shiundu, na sikuwa hata na mashine.

Ulikuwa ndio umeanza darasa la kwanza. Tulikuwa tunakaa Shieywe, hapa mjini, ile chumba moja yenye ukifungua mlango unagonga kitanda. Baba yangu, kuka yako, alikuwa kwake Shinyalu na ng'ombe yake. Nasema ng'ombe yake kama vile mtu anasema kanisa yake. Ile dume iliitwa Makanika, kwa sababu ilianza kupigana kwa kuinamia chini ya mwenzake kama mtu anatafuta mahali oili inatoka. Makanika hakulima. Hakuvuta kitu. Alikula majani ya kukatwa na mikono, akapewa molasi, akachuliwa mgongo, akaimbiwa. Kuka yako mwenyewe alikula mboga bila mafuta wiki mbili ili Makanika apate molasi. Mimi nilikuwa naangalia hiyo maneno nikiona kichaa.

Kila Ijumaa jioni angenipigia. Hakuwa mtu wa salamu ndefu kwa simu, aliogopa krediti.

"Kesho Makanika anaingia uwanjani. Kuja ushike kamba."

Wewe unajua kushika kamba ni nini kwetu, lakini nitasema kwa sababu huko unaenda watakuuliza. Ng'ombe haipelekwi uwanjani kama inaenda kuuzwa. Inatolewa asubuhi kabla umande ukauke, vijana wa isukuti mbele na ngoma, watu na matawi na firimbi, na kando ya shingo yake, kwa kamba, anakuwa mtoto wa mwenye ng'ombe. Si mfanyakazi, si jirani. Mtoto. Hivyo ndivyo watu wanajua hii ni ng'ombe ya boma gani, na kama hiyo boma iko na mtu.

Na mimi nilikuwa najibu, "Baba, Jumamosi ndiyo siku ya miwa. Mambo imepanda. Nitakuja bei zikishuka."

Mara ya kwanza alisema sawa. Mara ya pili akasema sawa. Ilipofika mwaka wa pili nikaongeza dharau, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa kwa upole. Nikamwambia, "Baba, hiyo ng'ombe inaleta unga?"

Akaniuliza, "Na wewe unaleta?"

Akakata simu. Krediti ilikuwa imebaki, nilijua.

Nataka uelewe sikuwa mlevi, sikuwa mvivu. Nilikuwa kitu mbaya kuliko hiyo. Nilikuwa mtu mzuri. Niliamka saa kumi na moja, nikaenda kungoja miwa ya kutoka Navakholo, nikamenya, nikasukuma mkokoteni mpaka jua ikinipiga kichwa. Kucheka sikucheka. Kanisani nilikaa nikihesabu nguo za watu kwa macho, nani ana pesa ya viatu na analia njaa. Watu wakienda kuona mpira kwa video niliwaita wavivu wenye macho. Mama yako alitaka siku moja tukupeleke msitu wa Kakamega ukaone nyani, ni karibu tu, tungebeba chai na viazi vitamu. Nikasema, nyani atanipa nini? Nikajiona nimesema kitu kikubwa. Nikarudia hiyo maneno kwa Shiundu akacheka, na ukiona Shiundu amecheka ujue umesema upuzi.

Wewe ulikuwa umevaa tayari. Ulivaa ile gauni ya njano. Ukalala nayo mchana.

Na bei zilishuka? Nakuuliza wewe umesoma. Kuna wiki unga ilishuka kidogo, hiyo wiki mafuta ya taa ikapanda. Mahindi ya wenyeji ikiingia sokoni, ada ya shule inaingia pamoja nayo wakishikana mikono. Nilikuwa nangojea bei kama vile mtu anangoja gari kwa barabara yenye imefungwa. Na kila siku nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ya kweli.

Sasa siku yenyewe.

Kulikuwa na ng'ombe ya upande wa Khayega, jina yake Karani. Hiyo ilikuwa haijawahi kugeuza mgongo. Ng'ombe zingine zilikuwa zinaiona tu zinakumbuka zimeacha kitu nyumbani. Kuka akasikia Makanika amepangwa na Karani. Hiyo wiki alinipigia mara tatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mtu anaogopa krediti, mara tatu. Ya mwisho hakuniambia nishike kamba. Alisema tu, "Utakuwa hapo?"

Nikasema Jumamosi ni mwisho wa mwezi, watu wana pesa, wacha niuze hii moja, ile ingine nitakuja.

Hiyo Jumamosi mvua ilianza saa moja asubuhi mjini na haikuacha. Nilisimama kwa baraza, kama hii ya leo tu, na miwa imejaa maji. Shiundu akakuja akasimama na mimi kwa sababu hakuna mtu ananyolewa kwa mvua. Tukasema bei. Tulisema bei mpaka saa sita, watu wawili wazima, hatujauza, hatujanyoa. Ningekuwa Shinyalu ningekuwa nimekosa kitu gani? Niambie. Hata senti sikupata kwa kukaa, na kuingia ingekuwa bure, uwanja wa kijijini hakuna tikiti.

Alafu nikasikia isukuti. Vijana kama ishirini wanatoka upande wa barabara ya juu wanakimbia kwa mvua, matawi kwa kichwa, matope mpaka kiunoni, wanaimba. Unajua vile ile ngoma inaingia kwa tumbo kabla masikio. Nikasikia wanaimba jina. Nikadhani nimesikia vibaya. Walikuwa wanaimba jina ya baba yangu.

Nikashika mmoja mkono, kijana mgeni kwangu. Nikamuuliza, "Nani ameshinda?"

"Makanika. Karani amekimbia, amevunja ua ya watu, mpaka sasa wanamtafuta."

"Ya nani hiyo Makanika?"

Niliuliza nikijua. Sijui nilikuwa nataka kusikia nini. Kijana akasema, "Ya mzee mmoja huko Shinyalu. Mzee mzuri sana. Lakini hana kijana, maskini. Kamba ilishikwa na jirani."

Akachukua pakiti ya miwa kwa mkokoteni wangu kama zawadi ya ushindi, akakimbia. Sikumdai.

Shiundu akaniangalia. Akasema, "Si huyo ni baba yako?" Alafu, kwa sababu ni Shiundu, akasema, "Hiyo ng'ombe sasa bei yake imepanda."

Musimbi, mimi nimetukanwa na askari wa kanjo, nimetukanwa na wateja, mama yako ananitukana kila Jumatatu. Hakuna tusi imeniingia kama hiyo ya yule kijana, na yeye alikuwa ananipa habari njema.

Unadhani nilienda Shinyalu hiyo jioni? Hapana. Niliona haya. Mtu akiona haya anatafuta sababu, na sababu nilikuwa nayo, ile ya kila siku. Nikakaa mwaka mmoja tena. Kuka akaacha kunipigia Ijumaa. Ile simu ikiacha kulia nikajiambia mzee ameelewa hali ya uchumi.

Nilipoenda mwishowe nilienda kwa sababu jirani alituma neno kwamba mzee amegonga kichwa kwa mti wake mwenyewe, mti amepanda mwenyewe. Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni presha ya macho, imekula pole pole, miaka mitatu minne hivi, na kile kimeenda hakirudi. Kuka alikuwa anaona mwanga na kivuli peke yake. Nikahesabu nyuma. Siku ya Karani alikuwa anaona. Si vizuri sana, lakini alikuwa anaona. Ndiyo maana alipiga mara tatu.

Jumamosi yake nikafunga mkokoteni, nikaenda Shinyalu saa kumi na moja. Nikamkuta amevaa koti, amekaa kwa kiti mlangoni, kama mtu aliambiwa nakuja na mimi sikumwambia mtu. Akasikia miguu.

"Bei zimeshuka?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Akainuka, akanipa mkono, tukaenda uwanjani. Makanika hakuwa anapigana hiyo siku. Alikuwa ameanza kuzeeka, walikuwa wanampumzisha. Tukasimama karibu na mti, watu wakampa kuka nafasi mbele. Ng'ombe mbili zikaingia. Kuka akanivuta mkono.

"Sema."

"Zimekutana."

"Hiyo nimesikia, mimi si kiziwi. Zimekutana vipi?"

"Vizuri."

"Vizuri kama nini? Kama watu wa harusi?"

Watu wakaanza kugeuka. Nikatafuta maneno. "Moja inasukuma ingine."

"Gani?"

"Ile nyeusi."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Zote ni nyeusi, wewe mtu wa miwa," na uwanja ukacheka upande huo wote.

Kuka hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Miaka minne unanitangazia bei ya unga, hujawahi kukosea hata shilingi. Ng'ombe mbili zinakushinda?"

Zilinishinda. Sikujua majina yao. Sikujua pembe ya kushoto inafanya kazi gani, sikujua ng'ombe ikipanua miguu ya nyuma inamaanisha nini. Mimi nimezaliwa hapo, na nilikuwa nasimama kama mzungu na kamera, lakini bila kamera. Mambo yote yenye mtoto wa miaka kumi alijua, mimi sikujua, kwa sababu ile miaka ya kujua nilikuwa kwa baraza na Shiundu tukichunga bei zisitoroke.

Tangu hapo nilienda kila Jumamosi. Nilienda na mkokoteni, mimi si mjinga kabisa. Na unajua pale uwanjani miwa inaendaje? Inaisha saa mbili asubuhi. Watu wenye wanalia mjini hawana ya unga, pale wanatafuna miwa na kupiga firimbi. Zamani ningewadharau. Sasa nawauzia, na dharau yangu nimewekea wengine. Kama yule mtu wa gari kubwa alikuja siku moja, akaangalia mapigano yote vioo vimefungwa, akapiga picha kwa kioo, akaenda. Huyo alilipa mafuta ya gari kuja kuona kioo yake. Ama hawa vijana wako wa siku hizi, wananunua chipsi na kuku, wanapiga picha mpaka chipsi inapoa, alafu wanakula wakiangalia picha. Hao nawadharau na roho safi.

Kutangaza nilijifunza pole pole. Mwaka wa kwanza kuka alikuwa ananirekebisha kwa fimbo, ananigusa mguu nikisema uwongo. Akasema mimi natangaza kama mtu anasoma barua ya deni. Mwaka wa pili akaacha kunigusa. Ilifika mahali wazee wenye macho yao mazuri walikuwa wanasimama karibu na sisi ili wasikie. "Huyu hapa anaangalia kwato ya mwenzake kama mtu anaona kiatu anataka kununua. Huyu anajifanya amechoka, msimwamini, hata mke wangu anafanyanga hivyo." Kuka alikuwa anafunga macho, yale hayaoni, na anatabasamu pahali pazuri, kabla watu wapige kelele. Hapo nilijua anaona.

Kosa si zote nilifanya upande mmoja, lazima niseme hiyo pia ama mama yako atasoma hii na kuandika chini yake. Kuna Jumamosi moja nilichukua pesa ya mwisho ya nyumba nikaenda nayo Shinyalu, na nyinyi mkalala na chai ya rangi. Nilikuta mlango umefungwa na ndani nasikia mnakohoa kunidharau. Mama yako alikuwa na haki. Sikuambii kuwa kwenda kila wakati ni akili. Umeniuliza mtu afanye nini, na mimi nimekuambia mtu aende, kwa sababu mimi nimejaribu zote mbili, na ile chai ya rangi nilisamehewa ndani ya wiki moja.

Kuka alipokufa ulikuwa na miaka kumi na mbili, unakumbuka. Unakumbuka ng'ombe zikiletwa. Mzee wa ng'ombe akifa kwetu, wenzake wanamletea zake zipigane hapo nyumbani, mbele yake, mara ya mwisho. Mwenye Karani alitoka Khayega na Karani, mzee sasa, pembe moja imevunjika. Na Makanika akatolewa kwa zizi, mbavu nje, anatembea kama mtu anatafuta miwani.

Na kamba nilishika mimi.

Hiyo mara moja tu. Nikamleta mpaka mbele ya sanduku, nikaachilia. Alafu nikaona midomo ya watu inatembea, kila mtu anaambia mwenzake, na yule mwenye mapigano ni yake amelala hapo hakuna anamwambia. Nikasimama kando ya sanduku nikaanza kutangaza. Kwa sauti. Pasta akafunga Biblia. Wewe ukakuja ukanivuta shati, ukasema, "Baba, watu wanatuangalia."

Nilikusikia. Nilikuwa na haraka, Makanika alikuwa ameinama. Nikasema, baba, ameinama, ile yake ya oili. Nikasema, Karani amepanua miguu. Nikasema, wamefungana, wamefungana, hakuna anasukuma, wamesimama kama wazee wawili wanasalimiana na wamesahau kuachana mikono. Alafu Makanika akageuka, pole pole, akarudi kwa zizi yake mwenyewe bila kufukuzwa. Nikamwambia ukweli, hakupenda uwongo. Nikasema, baba, leo tumeshindwa.

Watu walicheka, wakalia. Wewe ulikasirika mpaka jioni. Sijawahi kukueleza mpaka leo kwa nini nilifanya hivyo, na wewe hujawahi kuuliza, ulijua tu baba yako ni mtu wa mzaha.

Sasa ndio hiyo. Nimekuona hii miezi tangu umalize kozi ya upishi. Huendi harusi, huendi kwa rafiki, unasema mpaka nijipange. Jana ukasema ile neno ukiwa na uso mzuri kabisa, uso wa mtu mzuri. Nikamwona Shiundu amevaa kitenge yako. Bei sijui zitakuwa wapi Desemba. Lakini najua pahali zitakuwa si chini. Na mimi hapa naanza kushika karatasi mbali kidogo ndio nione kusoma. Daktari amesema ile ya kuka inaweza kutembea kwa familia, nirudi kupimwa kila mwaka. Naenda, usiogope, naona vizuri, naona hata yule kijana anaiba miwa sasa hivi akidhani niko busy na barua.

Mvua imepungua. Wacha tufanye biashara, mimi na wewe.

Ng'ombe zinapigana Jumamosi asubuhi mapema, kabla ya zamu yako. Nitakuwa uwanjani. Nitakupigia mimi, kwa krediti yangu, nikutangazie mapigano moja, kutoka kuingia mpaka mmoja ageuke. Majina yote, pembe zote, na uwongo kidogo kwa sababu huwezi kunigusa mguu na fimbo ukiwa Naivasha. Hiyo ni upande wangu. Upande wako: ukinisikiliza nikimaliza, unaniambia kitu moja umefanya hiyo wiki yenye haikukuletea chochote. Umetembea kwa ziwa. Umecheza karata na wapishi wenzako ukashindwa. Umecheka mpaka chumvi ikamwagika. Ukiniambia ulikuwa unangoja hali iwe sawa, nakata simu, na wewe unajua mimi nakatanga kweli.

Na Desemba unakuja. Bei zikiwa juu, unakuja. Zikipanda tena, unakuja mbio kabla zipande zaidi. Kuna ndama dume mama yako anadhani nafuga ya maziwa, hajaangalia chini. Jina bado. Mtoto wa kuishikia kamba ni mmoja tu, na hakuna pahali imeandikwa lazima awe kijana mwanaume. Mwenye atasema kitu nitamnyamazisha mimi, kwa maneno.

Nitakuwekea pakiti moja ya miwa juu ya begi, chini ya kitenge, pamoja na hii barua. Usiseme kitu kwa stendi, mama yako atataka kujua tumepatana nini. Ukiila njiani, tumekubaliana. Ukiirudisha, nitakuuzia, na nitakuuzia kwa bei ya leo.